Kitanda cha melini: kwa nini wasafiri wa meli moja husimulia usingizi tofauti

Muulize aliyerudi kutoka safari ya meli ya kitalii kuhusu kitanda, naye atakujibu bila kusita: godoro lilikuwa laini ajabu, hajapata kulala vile. Muulize mwingine aliyepanda meli ileile, wiki ileile, na utasikia habari za godoro gumu, mfereji katikati ya kitanda na mgongo unaouma. Majibu haya mawili hugongana mitandaoni kila siku, na anayetaka kukata tiketi hubaki hajui amwamini nani.

Inawezekana kabisa kwamba wote wawili wanasema kweli. Swali lenyewe ndilo lenye kasoro, kwa sababu linabeba mambo matatu kwa pamoja: godoro, namna kitanda kilivyoundwa, na mahali kabini ilipo ndani ya meli. Godoro ndilo linalopambwa kwenye matangazo. Mahali kabini ilipo hapatangazwi hata kidogo, na hapo ndipo usingizi wa baharini unapoamuliwa zaidi.

Tukubaliane kwanza kuhusu maneno. Meli ya kitalii ni meli ambayo abiria hulala, hula na kustarehe humohumo huku ikipita bandari moja baada ya nyingine. Kabini ni chumba chako cha kulala. Kabini ya ndani haina dirisha, ya nje ina dirisha ambalo kwa kawaida halifunguki, na ya roshani ina mlango wa kutokea kwenye kibaraza kinachotazama bahari. Omo ni sehemu ya mbele ya meli, tezi ni ya nyuma, na kila ghorofa huitwa sitaha. Zaidi ya hayo hutahitaji msamiati wa kibaharia.

Kitanda kimoja ambacho ni viwili

Kitanda kipana unachokiona kwenye picha za kabini ya kawaida, mara nyingi ni vitanda viwili vya mtu mmoja vilivyosogezwa pamoja. Sababu ni ya kibiashara. Wiki hii kabini inalaza mume na mke, wiki ijayo mtu na dada yake, wiki ya tatu marafiki wawili wasiotaka kugusana hata kidole. Abiria wa zamani hushuka asubuhi na wapya huanza kupanda kabla jua halijapinda, na katika saa hizo chache mhudumu mmoja ana kabini nyingi za kupanga upya. Vitanda viwili vyepesi vinavyoungana na kuachana humrahisishia kazi. Zaidi ya hapo, godoro kubwa la kipande kimoja ni shida kulipitisha kwenye korido na milango myembamba ya meli.

Vikiunganishwa, upana wake unafika kati ya futi tano na sita, kwa hiyo kwa ukubwa hakuna wa kulalamika sana. Lawama iko kwenye mshono. Kingo za godoro hutengenezwa ngumu kuliko katikati ili lisibonyee mtu anapoketi pembeni. Kingo mbili ngumu zikikutana, katikati ya kitanda hupata tuta. Miguu ya vitanda isipofungwa vizuri, meli ikiyumba usiku kucha vitanda huachana kidogokidogo, na pale palipokuwa na tuta panakuwa na mfereji. Wahudumu hutandika godoro jembamba la juu kuziba mshono huo, kisha shuka moja pana. Kazi hiyo ikifanywa kwa uangalifu, mshono hausikiki. Ikifanywa kwa haraka, unasikika usiku wa kwanza tu.

Hapo ndipo ugomvi wa mitandaoni unapoanza kueleweka. Watu wawili wanaolala kila mmoja upande wake wanaweza kumaliza safari bila kujua kuwa kitanda chao ni viwili. Wanaolala wamekumbatiana, au mzazi aliyemweka mtoto katikati, wanalala juu ya mshono. Anayesafiri peke yake na kupenda kutanua mikono na miguu katikati ya kitanda ndiye anayepata taabu kuliko wote, na dawa yake ni rahisi: ahamie upande mmoja. Katika kabini kubwa za gharama ya juu godoro mara nyingi ni la kipande kimoja, lakini hilo ni la kuulizia kabla ya kulipa.

Godoro na majina yake makubwa

Kwa miaka mingi mahoteli hayakujisumbua kutangaza vitanda. Mwaka 1999 kampuni ya hoteli ya Westin ilizindua kitanda ilichokiita Heavenly Bed, ikakifanya sababu ya mtu kuchagua hoteli, na washindani wakaanza kukimbizana. Kampuni za meli zilifuata njia hiyohiyo. Mwaka 2015 Princess Cruises ilitangaza kitanda chake kipya kilichobuniwa kwa ushauri wa Michael Breus, mtaalamu wa usingizi, na mbunifu wa mapambo ya ndani Candice Olson. Kampuni nyingine nazo zina vitanda vyenye majina ya kuvutia.

Jina si uongo, ila halitoshi. Godoro la melini huchaguliwa limfae mtu mnene na mwembamba, kijana na mzee, anayelala chali na anayelala ubavu. Kwa hiyo huwa la ugumu wa kati, na wengi hulihisi gumu kidogo kuliko walilozoea nyumbani. Isitoshe halipumziki. Chumba cha hoteli kinaweza kukaa wiki nzima bila mgeni. Kabini inabadilisha watu siku hiyohiyo. Godoro la miaka michache melini limebebeshwa usiku mwingi kuliko umri wake unavyoonyesha. Kwa kuwa magodoro mara nyingi hubadilishwa kwa wingi meli inapoingia kwenye ukarabati, mwaka wa ukarabati wa mwisho unakuambia mengi kuliko jina la kitanda.

Kuna jambo jingine ambalo msafiri haoni: moto. Mwezi Septemba 1934 meli ya abiria Morro Castle iliungua karibu na pwani ya New Jersey, Marekani, na watu zaidi ya 130 wakafa. Maafa hayo yalichochea masharti makali zaidi kuhusu vitu vinavyoweza kushika moto ndani ya meli. Leo kanuni za Shirika la Kimataifa la Bahari zinataka magodoro, mito na mablanketi ya meli za abiria yapimwe kama yanastahimili kuwashwa na sigara inayofukuta na kwa mwali mdogo wa moto. Kampuni haiwezi kwenda dukani na kununua godoro lolote lililo laini. Kwa sababu hiyohiyo, ukipanga kubeba blanketi la umeme kutoka nyumbani, liache. Meli huyakataza, na ukaguzi wa mizigo utalichukua.

Meli inavyokwenda mrama

Sasa tufike kwenye mahali. Meli baharini ina miondoko mitatu ambayo aliyelala huihisi. Wa kwanza ni kuyumba, yaani kuinama upande huu na upande ule. Wa pili ni kupanda na kushuka kwa omo na tezi kwa zamu. Wa tatu ni meli nzima kuinuliwa na kushushwa na wimbi, kitandani ukajihisi mwepesi kisha mzito.

Fikiria pembea ya ubao, ile ambayo watoto wawili hukaa ncha na ncha. Wanaokaa kwenye ncha wanarushwa juu na chini, lakini ukiketi juu ya egemeo katikati husogei kitu. Meli inapokata mawimbi ya mbele hufanya vivyo hivyo. Kabini ya omo inapanda na kushuka kwa mita kadhaa, na wakati mwingine unasikia kishindo pale omo inapopiga maji. Kabini ya katikati ya meli inatikisika kidogo. Mfano huohuo unaeleza kuyumba: kadiri unavyopanda sitaha za juu, ndivyo unavyozidi kuwa mbali na egemeo, na ndivyo kitanda chako kinavyosafiri mbali zaidi kila meli inapoinama.

Hapa kuna dhana inayowagharimu watu fedha. Wengi huamini kabini ya juu kabisa, kwa kuwa ni ghali, ndiyo yenye usingizi bora. Ghali ni mandhari na nafasi. Usingizi mtulivu uko katikati ya meli na chini, mahali ambapo bei mara nyingi ni nafuu zaidi. Ukiniuliza mimi, anayeogopa kichefuchefu akilipia roshani ya juu omoni anajinunulia matatizo yake mwenyewe.

Dhana ya pili: meli za kisasa hazitikisiki kwa sababu ni kubwa na zina mitambo ya kutuliza. Ukubwa unasaidia kweli. Icon of the Seas, iliyoanza safari zake Januari 2024, ina urefu wa takriban mita 365, na mawimbi madogo hayaifanyi kitu. Lakini bahari ina mawimbi ya kila saizi, na hakuna meli iliyo kubwa kuyashinda yote. Kuhusu mitambo, watu wamehangaika nayo muda mrefu. Meli ya Italia Conte di Savoia, iliyoanza kazi mwaka 1932, ilifungwa magurudumu matatu makubwa mno yanayozunguka kwa kasi ili kuizuia isiyumbe. Siku hizi hutumika mapezi: mabawa yanayochomoza kutoka ubavuni chini ya maji na kujigeuza kupinga kila mwinamo. Mapezi hayo hupunguza kuyumba vizuri sana. Kupanda na kushuka kwa omo hayakuzuii. Na kwa kuwa nguvu yake hutokana na maji yanayopita kwa kasi, meli ikienda polepole au ikisimama kutia nanga, faida yake hupungua sana.

Je, mtikisiko ni adui wa usingizi siku zote? Hapana, na hapa ndipo mada inaponoga. Mwaka 2019 watafiti wa Geneva na Lausanne, Uswisi, walichapisha utafiti uliowalaza vijana 18 kwenye kitanda kinachobembea polepole usiku kucha, mara moja kila sekunde 4, kisha wakawalinganisha na usiku wa kitanda kilichotulia. Kwenye kitanda kinachobembea vijana walishikwa na usingizi mapema zaidi, na usingizi mzito ukawa mrefu zaidi. Walezi wa watoto wachanga hawahitaji kuambiwa hilo. Kwa upande mwingine, majaribio ya miaka mingi kuhusu kichefuchefu yameonyesha kwamba mwili husumbuliwa zaidi na mwendo wa juu na chini unaojirudia takriban mara moja kila sekunde 5 au 6. Mapigo ya miondoko hii miwili yanakaribiana. Inayotofautiana ni njia na ukubwa: kubembea kwa sentimita chache kuelekea upande kunakuliwaza, kuinuliwa mita mbili juu na kushushwa kunakuinua tumbo. Ndiyo maana bahari ileile humlaza mtu wa katikati ya meli na kumkesha wa omoni.

Kitanda nacho ni kinga. Anayeanza kuona kizunguzungu akilala chali, akafumba macho na kutulia kichwa, kwa kawaida hupata nafuu, kwa sababu macho hayabishani tena na sikio la ndani kuhusu kama mwili unakwenda au umesimama. Mabaharia wa zamani walikuwa na hila bora zaidi: machela, yaani kitanda cha kitambaa kinachotundikwa kwa kamba ncha zote mbili. Machela iliyotundikwa hubaki imeelekea chini hata kama meli inainama huku na huku, kwa hiyo inayoyumba ni meli, aliyelala yuko palepale. Hakuna kampuni itakayokupa machela leo, lakini mtu asikudanganye kwamba godoro la bei mbaya limeishinda kila kitu kilichotangulia.

Kelele na mtetemo

Abiria wengi wanaosema "kitanda kilikuwa kibaya" wameamshwa na sauti, si na godoro. Meli ni mji wa chuma, na chuma hupitisha sauti mbali. Tezi ina mtetemo wa rafadha, yaani pangaboi linalosukuma meli. Omo ina mnyororo wa nanga, pamoja na rafadha ndogo za ubavuni zinazosaidia meli kujipanga bandarini. Hizi hunguruma hasa alfajiri, kwa kuwa meli nyingi hufika bandarini asubuhi mapema. Kampuni zimepunguza sehemu ya tatizo. Mwaka 1998 meli ya Elation ya kampuni ya Carnival ilikuwa ya kwanza kati ya meli za kitalii kutumia mitambo ya aina ya Azipod, ambayo mota ya umeme na rafadha hukaa pamoja ndani ya chombo kinachoning'inia chini ya meli na kuweza kujigeuza. Mhimili mrefu unaopita tumboni mwa meli ukaondoka, na sehemu ya mtetemo ikaondoka nao.

Wahandisi hawatakuondolea majirani, hata hivyo. Kabini iliyo chini ya sitaha ya bwawa la kuogelea huamka na viti vinavyoburutwa alfajiri. Iliyo chini ya jiko husikia mikokoteni ya vyombo. Iliyo juu ya ukumbi wa muziki hupokea mdundo wa ngoma hadi usiku wa manane, na yenye mlango wa kuunganisha na kabini ya jirani husikia mazungumzo ya jirani huyo kuliko apendavyo yeyote. Kampuni huchapisha ramani za sitaha zao zote. Tafuta kabini yako, kisha tazama kilicho juu yake na kilicho chini yake. Iliyobanwa kati ya sitaha mbili zenye kabini peke yake ndiyo unayoitaka.

Kwenye meli za mtoni, kama zile za Danube au Nile, habari ya mawimbi inaisha. Zinabaki injini, na kwenye mito yenye milango ya maji (vyumba vinavyojazwa au kupunguzwa maji ili meli ivuke tofauti ya kina cha mto), kubisha kidogo kwa ubavu wa meli ukutani meli inapopandishwa au kushushwa usiku.

Giza, na usiku wa kwanza

Kabini ya ndani hudharauliwa sana, nayo haistahili. Ukizima taa huoni mkono wako. Hakuna mapambazuko ya kukuamsha saa kumi na moja, wala jua la usiku wa manane katika safari za kaskazini ya mbali wakati wa kiangazi. Asiyestahimili kufungiwa asiichukue. Anayependa giza atalala humo kuliko kwenye roshani iliyolipiwa mara mbili. Ubaya wake mmoja ni kwamba asubuhi hujui kama kumekucha.

Pia usihukumu kitanda kwa usiku wa kwanza. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, walionyesha kwamba mtu akilala mahali pageni, upande mmoja wa ubongo hubaki macho zaidi ya mwenzake, kana kwamba unalinda. Lawama nyingi huandikwa baada ya usiku huo.

Vitanda vya ziada

Kabini ikipokea mtu wa tatu na wa nne, vitanda vyao huwa kochi linalokunjuka, au kitanda kinachoshushwa kutoka darini au ukutani na kupandwa kwa ngazi. Hapa sina maneno ya kuremba: ni vyembamba, godoro ni jembamba, na vikishushwa vyote kabini haina pa kukanyaga. Watoto wakubwa huvipenda. Mtu mzima mrefu atajuta. Watoto wadogo sana kwa kawaida hawaruhusiwi kulala juu, kwa hiyo familia isipange kwa kuhesabu vitanda pekee.

Jambo la kuchekesha kidogo ni kwamba kitanda chenye kipimo kilichoandikwa katika sheria ya kimataifa ni cha mfanyakazi. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006, ulioanza kutumika Agosti 2013, unataka kitanda cha baharia kisipungue sentimita 198 kwa 80 upande wa ndani, kila mmoja awe na chake, na visipangwe zaidi ya viwili juu kwa chini. Abiria analindwa na ushindani wa kampuni tu.

Uombe nini, na lini

Mpangilio wa vitanda, pamoja au mbalimbali, huombwa wakati wa kukata tiketi na kurekebishwa kabla ya safari. Uliza pia kitanda kiko upande gani, karibu na dirisha au karibu na bafu. Anayeamka mara kwa mara usiku atashukuru kuwa karibu na bafu, hasa kwa kuwa kizingiti cha mlango wake huwa kimeinuka na meli inayumba gizani. Ukiwa na mzio wa manyoya, sema mapema upewe mito isiyo na manyoya.

Siku ya kupanda meli, kabla ya kufungua mizigo, pitisha kiganja katikati ya kitanda chini ya shuka. Ukisikia mfereji, mwite mhudumu papo hapo avifunge vitanda upya. Ukiliona godoro ni gumu, mwombe lile jembamba la kuongezea juu. Meli nyingi huwa nayo, ila si ya kutosha kila kabini, na anayeomba siku ya tatu mara nyingi hukuta yameisha. Likiwa laini mno, baadhi ya meli zina ubao wa kuweka chini ya godoro. Halafu sukuma masanduku matupu uvunguni. Vitanda vya melini vimeinuliwa juu makusudi ili yaenee, na sanduku lililoachwa wima kando ya kitanda ndilo litakaloanguka usiku bahari ikichafuka.